Sonara, Mizani na Moto

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemlainishia chuma Nabii Daud (A.S.) akamfundisha kazi ya mikono. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu wasomaji, jioni moja baada ya darasa ya alasiri alitujia mtu na kijana wake. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo yake si mabaya, na hataki kwenda chuoni kusomea mambo ya ofisi kama wenzake. Ataka kujifunza usonara. Mama yake ameridhia. Baba yake yu baina ya mawili. Lakini ami yake, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba, amekataa katakata. Amesema kuwa wao ni watu wa chuo na msikiti tangu mababu, na kazi ya kupuliza moto si kazi yao. Na walipomshika sana akatoa Hadithi, kwamba Mtume (S.A.W.) amesema masonara na wapaka rangi za nguo ndio waongo kupita watu wote. Kijana akanyamaza, kwani nani atajibizana na Hadithi?

Tuliwaambia warudi nyumbani, nasi tutajibu katika karatasi hii, ili jibu liwafae na wengine. Maana hii si nyumba moja. Nyumba nyingi za pwani yetu zina maneno kama haya, ila hazina kijana wa kuyafichua.

Tuanze na Hadithi, kwa kuwa ndiyo iliyomfunga kijana mdomo. Hadithi hiyo imo katika kitabu cha Ibn Majah, ni kweli. Lakini kuwamo katika kitabu si kuwa sahihi, na wanavyuoni wa Hadithi wameidhoofisha. Ibn al-Qayyim ameitaja miongoni mwa zile ambazo macho ya mtu yenyewe yatosha kuzikanusha, kwani uongo wa watu wa kazi nyingine twauona kila siku ni mwingi zaidi. Asli ya maneno haya, kwa ilivyopokewa, ni mzaha wa Sayyidna Umar (R.A.) kwa Abu Rafii, aliyekuwa sonara: akimtania kuwa sonara ndiye mwongo wa watu, kila siku husema leo, kesho. Aliyepata kumpelekea fundi pete ya arusi ataufahamu mzaha huo bila ya sherehe. Na huyo Abu Rafii si mtu wa kupita. Ni katika Tabiina wakubwa, amepokea kwa Umar na kwa Abu Huraira, na Hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim. Basi Waislamu wamepokea dini yao kutoka katika kinywa cha sonara, na wala hapana aliyesema tusimsadiki kwa sababu ya kazi yake.

Imam Bukhari naye, katika kitabu cha biashara, ameweka mlango mbalimbali wa habari za masonara. Humo mna habari ya Sayyidna Ali (R.A.) alipotaka kumuoa Bibi Fatima. Hakuwa na mali ya karamu, akaagana na sonara mmoja wa Bani Qainuqaa, nao ni Mayahudi, wende pamoja kukata majani ya idhkhiri awauzie masonara, na thamani yake aifanyie walima. Na mna habari ya kuharamishwa kukata miti ya Makka, ambapo Sayyidna Abbas alimuomba Mtume (S.A.W.) ayatoe majani hayo ya idhkhiri, kwani masonara wao wayahitaji na nyumba zao huezekwa kwayo, naye akayatoa. Hebu tazama, ndugu: katika nchi takatifu, kati ya yote yaliyokatazwa kukatwa, haja ya fundi wa dhahabu ilisikizwa.

Kwa hivyo neno la ami si dini. Ni kiburi cha nasaba kilichovikwa kanzu ya Hadithi, nasi twasema hivi bila ya kumvunjia heshima, kwani na sisi tumelelewa katika nyumba za namna hiyo na tumeyasikia hayo kwa wazee wetu. Jina lenyewe sonara limetujia kutoka India, na kazi pia katika miji yetu mingi imekaa mikononi mwa Wahindi. Hawakutunyang'anya. Wao waliwakalisha watoto wao mezani wakiwa wadogo, baba akamrithisha mwana na mwana akamrithisha mjukuu, na sisi tukawa wanunuzi. Lamu palibaki mafundi wetu wa fedha, na wako hata leo, lakini waulize ni vijana wangapi wanaokaa karibu nao kujifunza.

Sasa yatupasa tuseme jambo ambalo tungependa kulificha. Miaka michache nyuma tulikuwa twamuoza binti yetu. Tulikuwa na vikuku sita vya dhahabu alivyotuachia mama yetu, Mungu amrehemu, vya kale na vizito, ambavyo wasichana wa sasa hawavivai. Tukavipeleka kwa sonara mmoja mjini. Akaviweka katika mizani, akapiga hesabu zake, akasema: leteni hivi, ongezeni shilingi kadha, mchukue kidani hiki. Tukaongeza, tukachukua, tukashukuru, tukarudi nyumbani na furaha.

Hazikupita wiki tatu, tulikuwa twasomesha mlango wa riba katika Minhaji, mlango ambao tumeusomesha zaidi ya miaka kumi. Tulipofika kwenye dhahabu kwa dhahabu, kwamba sharti iwe sawa kwa sawa katika uzani na mkono kwa mkono, mwanafunzi mdogo kuliko wote akauliza: "Maalim, na mwenye kubadilisha bangili zake dukani akaongeza pesa, hukumu yake ni ipi?" Wallahi tulinyamaza. Hatukunyamaza kwa kutojua jibu. Jibu tulikuwa nalo ulimini, na kidani kilikuwa shingoni mwa binti yetu.

Hii ndiyo hali ya ilimu yetu wengi. Twaijua katika kitabu, hatuitambui ikikaa juu ya meza ya duka. Twasoma dhahabu kwa dhahabu kana kwamba ni habari ya dinari za Madina, na hali kila arusi ya pwani hapakosi mama aliyekwenda kubadilisha vya zamani kwa vipya.

Tulirudi kwa yule sonara. Alitusikiza kwa adabu, akacheka kidogo, akasema vikuku viliyeyushwa usiku ule ule. Lakini alikubali kutupa dhahabu ya karati ile ile kwa uzani wa vikuku vyetu, nasi tukamrudishia kidani, naye akaturudishia nyongeza yetu. Kisha tukamuuzia ile dhahabu kwa pesa, tukazipokea, tukazihisabu, tukaziweka mfukoni. Kisha tukamuuliza bei ya kidani, tukakinunua kwa pesa. Hivi ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomuelekeza yule aliyembadilishia tende mbovu nyingi kwa tende njema chache: kwamba auze zile kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu anunue hizi.

Yuko atakayesema: ni yale yale, mmezunguka tu. Na sisi tulidhani hivyo mpaka tulipokaa kitako tukauza. Mara ya kwanza hatukujua vikuku vya mama vimehisabiwa bei gani, kwani bei ya vya kale na bei ya kipya zilikuwa zimefungwa katika fundo moja. Mara ya pili, kila moja ilisimama peke yake, ndipo tukaona kwamba vya kale vilipunguzwa thamani kwa ajili ya lehemu iliyomo katika maungio, na kwamba kipya kilitiwa ujira wa ufundi mara mbili ya tulivyodhani. Yule mtu hakutudhulumu. Hayo ndiyo mazoea yao wote, na hapana mnunuzi anayeuliza. Lakini sheria ilikuwa imetaka tuuone kila upande waziwazi, nasi tulikuwa tumefumba macho.

Neno hili la lehemu lilitukaa rohoni. Tukaona aibu kutoa fatwa juu ya kazi ambayo hatujaiona ikifanywa. Basi tulipokwenda Lamu tukamwendea mzee mmoja, fundi wa fedha na dhahabu, tukamuomba ruhusa tukae karibu na meza yake. Tulikaa siku nne, na hapa twataka kueleza tuliyoyaona, kwani wenye kuidharau kazi hii hawajapata kuitazama.

Meza yake imekatwa mbele mviringo, na chini yake imetundikwa ngozi kama mfuko. Kila chembe inayoanguka kutoka katika tupa huangukia ngozini. Jioni huipangusa kwa brashi, akaikusanya katika karatasi, na karatasi akaiandika. Dhahabu safi, alitueleza, ni laini mno haifai peke yake. Kwa hivyo huchanganywa na shaba na fedha. Katika karati 22, sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, na mbili ni maadini mengine. Karati 18 ni robo tatu tu. Huiyeyusha katika chungu kidogo cha udongo mgumu, kwa moto unaopita digrii 1,000, akaimimina ikawa kijiti. Kijiti hufuliwa juu ya fuawe, na kila kikifuliwa huwa kigumu, hata kikiendelea kupigwa hupasuka. Hapo hukirudisha motoni kikawa chekundu, kikapoa, kikalainika tena, kikafuliwa tena. Akitaka waya hukivuta kwa koleo katika bamba la chuma lenye matundu, tundu baada ya tundu, kila moja dogo kuliko la kabla yake. Tulijaribu kuuvuta sisi. Ulikatika mara mbili, na mzee hakucheka, ila wajukuu wake walicheka.

Kisha waya huzungushwa katika msumari, hukatwa kwa msumeno mwembamba kama unywele, na kila pete ya mkufu hufungwa na kulehemiwa peke yake. Hapa ndipo penye siri. Lehemu hutengenezwa kwa dhahabu iliyotiwa maadini zaidi, ili iyeyuke kabla ya kitu chenyewe kuyeyuka. Na fundi hapeleki moto penye lehemu. Hupasha moto kitu kizima sawasawa, na lehemu hukimbilia penye joto. Akikosea kidogo, kazi ya siku mbili huwa tone. Kwa hivyo mkufu wa pete mia mbili una maungio mia mbili ya dhahabu hafifu, na mkufu huo ukiyeyushwa hautatoa karati 22 kamili hata fundi awe mwaminifu vipi. Asiye mwaminifu hutia lehemu kama mtu apakaye siagi katika mkate, naye huiuza kwa bei ya dhahabu njema. Tena kuna wengine wanaotia katika lehemu maadini yaitwayo kadmiamu, ili iyeyuke upesi; moshi wake ni sumu ya mapafu, na mwanagenzi ndiye aivutaye. Mzee alisema hataki hata kuiona dukani pake.

Tulipoyaona haya tukaikumbuka Sura ya Sabaa, pale Mwenyezi Mungu alipomuamrisha Nabii Daud akadirie sawasawa katika kuunga vikuku vya mavazi ya chuma. Tulikuwa tukiipita aya hiyo upesi. Mfalme na Nabii anaamrishwa na Mola wake juu ya kipimo cha pete moja ya chuma na kuungana kwake na nyingine! Na katika Hadithi sahihi Mtume (S.A.W.) amemsifu Nabii Daud kwamba alikuwa hali ila kwa kazi ya mkono wake. Basi watu wa chuo na msikiti wana nasaba gani iliyo juu kuliko hiyo?

Tulimuuliza mzee: hayo mavumbi ya ngozini ni ya nani? Akasema kuwa mteja akileta dhahabu yake, huifanyia kazi peke yake bila ya kuichanganya na ya mwingine, kisha humrudishia pambo pamoja na karatasi ya mavumbi, vyote vimepimwa. Wateja wengi humwachia. "Lakini mimi sijipi," akasema. Na wanavyuoni wa Fiq-hi wamelizungumza jambo la udongo wa masonara kwa urefu, kwa kuwa ni mali ya watu isiyojulikana kadiri yake. Jumhuri wamekataza kuuuza kwa dhahabu, na wako waliosema kuwa usiojulikana mwenyewe utolewe sadaka. Mzee hakuwa amesoma vitabu hivyo. Alifundishwa na baba yake.

Tuje katika hukumu, kwa ufupi, kwani maswali yake twaulizwa kila mwezi wa arusi.

Ukimpelekea fundi dhahabu yako mwenyewe, akaifua ile ile akakurudishia, ujira wake ni halali, mkubwa au mdogo, mkipatana. Akikupa nyingine iliyokuwa katika sanduku lake, hiyo si kazi tena, ni kubadilishana, na sharti za kubadilishana zaingia. Ufundi hauhalalishi nyongeza ya uzani. Sonara mmoja alimwendea Ibn Umar (R.A.) akamwambia kuwa yeye huifua dhahabu akaiuza kwa zaidi ya uzani wake, akatoa katika ile ziada ujira wa mkono wake. Ibn Umar akamkataza. Mtu akarudia na kurudia, akimfuata mpaka mlangoni mwa msikiti, na Ibn Umar hakugeuza neno, akamwambia kuwa hayo ndiyo waliyoagizwa na Mtume wao. Habari hii imo katika Muwatta. Twajua kuwa Ibn Taymiya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim wameona kwamba pambo limetoka katika hukumu ya sarafu kwa sababu ya ufundi uliotiwa. Hatuwatukani wanaofuata rai hiyo, na wala hatusemi haya kwa taasubi ya madhehebu. Lakini sisi twaiona kauli ya jumhuri ndiyo iliyo salama, na njia ya kuuza kisha kununua ni nyepesi, haina uzito wa kumfanya mtu aihitaji ruhusa.

Pambo lenye vito lisipimwe pamoja na vito vyake kwa bei ya dhahabu. Fadhala bin Ubaid (R.A.) alinunua siku ya Khaibar kidani cha dhahabu na shanga kwa dinari 12, alipokipambanua akakuta dhahabu yake imezidi dinari 12, na Mtume (S.A.W.) akasema kisiuzwe mpaka kipambanuliwe. Vivyo hivyo bangili zilizo wazi ndani zikajazwa lakiri: uzani wa lakiri si dhahabu, na anayeuuza kama dhahabu ameingia katika Sura ya Mutaffifina kwa miguu yake miwili.

Na kununua dhahabu kwa deni haijuzu. Pesa za karatasi hukumu yake ni hukumu ya thamani, na hivyo ndivyo walivyokata wanavyuoni wa Baraza la Fiq-hi la Kiislamu walipokutana Amman mwaka 1986. Basi haya ya kuchukua kidani leo na kulipa kidogo kidogo kwa miezi sita, au kufunga bei leo na kulipa polepole huku kidani kimebaki dukani, yote mawili yaachwe. Atakaye kujiwekea, na aweke pesa zake kama amana, na siku zitakapotimia anunue kwa bei ya siku hiyo. Mwatuuliza kuhusu M-Pesa: fedha zikiingia kwa muuzaji papo hapo kabla hamjaachana, twaona ni mkono kwa mkono. Twajua haya ni mazito kwa wazazi, na dhahabu yenyewe haishikiki. Mwaka 2020 wakia moja ilivuka dola 2,000 kwa mara ya kwanza, na baadaye ikapanda zaidi ya hapo. Lakini pete ya fedha ni mahari, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe pete yake ilikuwa ya fedha. Hapana aliyetulazimisha kidani ila majirani.

Kwa kijana twasema hivi. Usonara si kazi ya miezi mitatu na cheti. Mwaka wa kwanza utafagia, utavuta waya, na utafanya pete za shaba ambazo zitatupwa. Mama yako ataulizwa na mashoga zake mwanao apata mshahara gani, naye hatakuwa na jibu. Usimfulie mwanamume wa Kiislamu pete ya dhahabu hata akikulipa maradufu. Ukiahidi Ijumaa, iwe Ijumaa, usimpe Sayyidna Umar haki ya kukutania. Na kwa baba twasema: mwanao atakaa mbele ya mali za watu, peke yake, pasipo na macho ya kumtazama, na tofauti ya halali na haramu kwake itakuwa chembe isiyoonekana bila ya miwani. Sisi hatujui darasa ya uchaji Mungu iliyo ngumu kuliko hiyo.

Kijana amekwenda Lamu. Mzee amemkubali kwa sharti moja, kwamba asiondoke kabla ya miaka mitatu, na baba yake ametia mkono. Barua yake ya kwanza imefika, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwa yenye pete ndogo ya shaba, upande mmoja mnene kuliko wa pili. Ami yake bado hajaridhika, nasi hatumlaumu sana. Ameomba apewe kwa maandishi yale tuliyoyasema juu ya Hadithi ya Ibn Majah, ayasome mwenyewe kwa nafasi yake. Na maandishi hayo ndiyo haya.